Za Ungo na Za Kapu

Watu wakisimulia vita vya Maji Maji huanzia mbali, milimani, kwa waganga na majumbe na mashamba ya pamba. Kwetu sisi vilianzia kwenye kapu la risasi mbovu, na mkono uliozama ndani ya kapu hilo ni huu ninaoandikia. Nimekuwa bibi sasa, meno yamebaki ya kuhesabu, na bado nikilikumbuka jambo lile hushtuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya mtungi akiwa usingizini. Hushtuka kwanza, kisha ndipo huumia.

Baba yangu alikuwa fundi wa magobori katika bonde la Rufiji, upande wa Ngorongo. Wawindaji wa viboko walimletea bunduki zilizoziba kasiba, yaani mtutu, zilizogoma mtambo, zilizoliwa kitako na mchwa, naye alizirudisha zikiwa zinalia. Mimi ndiye mwanawe wa kwanza. Niliolewa Kibiti, nikaachika, nikarudi nyumbani na mbuzi jike mmoja. Watu hucheka nikisema hivyo. Yule mbuzi ndiye mali pekee niliyotoka nayo katika ndoa ile, na nilimpigania mbele ya mashahidi mpaka mume akachoka, akasema nimchukue niende zangu, kelele zimezidi.

Nyumbani nilirudia kazi yangu ya tangu usichana, kuchagua risasi. Baba ndiye aliyesubu. Madini tuliyanunua dukani Kibiti, vipande vya kijivu vizito, tukayayeyusha katika chungu kidogo, na yakishaiva baba alisema, "Yamekuwa maji," kisha akayamimina kwenye kalibu ya jiwe. Kalibu ikiwa baridi, risasi hutoka na makunyanzi. Mkono ukisita kumimina, hutoka na tundu la hewa tumboni, na tundu hilo hulioni kwa macho hata ukiichungulia juani. Zote ni duara, zote zinang'aa.

Kwa hiyo nilikuwa na ungo niliokuwa nimeupaka nta mpaka ukateleza. Niliuinamisha kidogo, nikaachia risasi moja moja kutoka juu. Nzima hushuka moja kwa moja mpaka ukingoni. Yenye tundu hupepesuka, huvutwa upande, husita, hujigeuza, na mahali ilipolenga haifiki. Zilizoshuka sawasawa tuliziita za ungo. Zilizopepesuka nilizitupa kwenye kapu la ukindu nyuma ya mlango, nazo jina lake likawa za kapu.

Za kapu zilikuwa rahisi, na zilikuwa na wanunuzi wake. Mtu anayelinda mpunga dhidi ya nguruwe hahitaji kumpata nguruwe, anahitaji mshindo. Za ungo zilikuwa za kiboko na za shabaha. Baada ya mavuno, au harusini, vijana walitundika kibuyu juu ya mti wakashindana kukipasua, na mshindi alipewa jogoo. Hapo ndipo nilipowajua wanaume. Anakuja mtu na kilemba chake na maringo yake, anataka za kapu kumi kwa thamani ya za ungo tatu. Namwambia, bwana, jogoo wa watu hapatikani kwa bei hiyo. Ananicheka, anabeba kumi zake, na kesho yake anamletea baba bunduki eti imepinda kasiba. Rahisi huwa ghali, tena ghali mbele ya mashemeji.

Baba mwenyewe hakuwahi kupiga ya kapu. Na hakuwa akikosa. Sisemi hivyo kwa kuwa ni baba yangu, hata waliomchukia walisema. Aliponyoosha mkono nimpe risasi hakuitazama, aliitia kwenye kasiba, akashindilia kwa mdeki, akapiga. Aliyeichagua ni mimi, na kwake hilo lilitosha.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, ambaye mama aliniachia mgongoni alipofariki. Mwaka ule alikuwa kijana mzima, kifua kipana, na mgongoni ana alama za kiboko cha askari kwa sababu ya shamba la pamba la jumbe. Alichapwa kwa kuchelewa siku moja. Alipochapwa hakulia, na tangu siku hiyo hakucheka sawasawa. Kwa hiyo ilipoingia habari ya dawa, ya maji yanayofanya risasi za Wajerumani ziwe maji, yeye alikuwa ameshaamini kabla ya kumaliza kusikiliza. Alinitania, "Dada, wewe mwenyewe kila siku si unaona risasi ikiwa maji chunguni?" Nikamwambia chunguni kuna moto, na kifuani kwake hakuna chungu.

Lakini kwenda vitani bila radhi ya baba hakuthubutu. Baba naye alikataa. Alisema amezisubu risasi tangu ndevu hazijamwota na hajaona hata moja iliyoogopa maji. Ndugu yangu aliomba, alinuna, akasusa chakula, na baba akala sehemu yake pia. Mie nilifurahi kimoyomoyo, nikajua kijana huyu atabaki.

Asubuhi moja mjumbe wa dawa, ambaye watu walimwita hongo, alifika kijijini kwetu na mtungi wake na usinga wake. Watu walijaa ukingoni mwa mto. Alizungumza kwa upole, hakuwa mtu wa vitisho, na hilo ndilo lililowashika watu. Mzee mmoja akasema maneno matupu hayazuii risasi, tuone. Hongo akakubali bila kusita: leteni mnyama, nimnyunyizie, na apige aliye hodari kuliko wote. Macho yote yakamgeukia baba. Na ndugu yangu, Mungu amrehemu, akapaza sauti kwamba mnyama yupo, mbuzi wa dada.

Nilipatwa na ghadhabu. Mbuzi wangu alikuwa na mimba, tumbo limeshuka, siku zake zimekaribia. Nikamwambia atoe mbuzi wake. Akasema hana, na dawa ikiwa kweli sipati hasara. Nikamuuliza, na ikiwa uongo? Watu wakacheka, wakasema ikiwa uongo tutakula nyama. Wakamfunga mbuzi wangu kwenye kigingi, mgongo wake mtoni ili risasi isimpate mtu, hatua hamsini kutoka aliposimama baba. Hongo akamnyunyizia maji, naye akatikisa masikio. Baba akanigeukia akaniambia nikamletee risasi moja.

Nilikwenda nyumbani mbio. Mkebe wa za ungo ulikuwa juu ya kitanda cha kamba, na kapu liko nyuma ya mlango. Sikusimama kufikiri vita, wala Wajerumani, wala dawa. Nilimfikiria mbuzi. Nikatia mkono kapuni, nikatoa tatu, na kwa kuwa sikutaka kubahatisha nikauchukua ungo nikazijaribu. Ya kwanza ilipepesuka kidogo. Ya pili zaidi. Ya tatu ilishuka nusu, ikapinda kushoto, ikaanguka nje ya ungo kabisa. Nikaiokota, nikaifuta kwa kanga mpaka ikang'aa. Maishani mwangu sijachagua risasi kwa uangalifu kama nilivyoichagua ile.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba wakati nipo nyumbani, ndugu yangu alipiga magoti mbele ya baba, mbele ya watu wote, akaomba tena. Na baba, kwa hasira au kwa kuchoka, alisema: nikimkosa mbuzi huyu, nenda na radhi zangu. Alisema hivyo kwa sababu alijua hakosi. Kwake ilikuwa njia nyingine ya kusema hapana.

Nilirudi nikapenya katikati ya watu, nikamtia risasi kiganjani. Hakuitazama. Alishindilia, akapiga goti moja, akatulia vile alivyokuwa akitulia siku zote, mpaka ungedhani amesahau anachofanya. Kisha mshindo. Mbuzi akaruka, kamba ikakazika, na nyuma yake, mbali kidogo upande wa kushoto, maji ya mto yakaruka juu kama urefu wa mtu.

Mimi nilikuwa namtazama mbuzi tu, amesimama kwa miguu yake minne, na nilitaka kucheka kwa furaha. Kabla sijacheka mtu mmoja akasema, si kwa kelele, kwa sauti ya mtu anayeeleza alichokiona: "Imekuwa maji."

Nikaduwaa. Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Watu wazima, wavuvi, watu ambao tangu utotoni wanatupa mawe mtoni na kuona maji yakiruka, walikuwa wanauelekezea vidole mto huohuo na kusema risasi imegeuka maji, tumeiona kwa macho yetu. Wanawake wakapiga vigelegele. Na katikati ya makelele yale nikamwona baba, bado amepiga goti, anatazama mikono yake.

Aliinuka polepole. Akamwendea mdogo wangu, akamwekea mkono kichwani, akasema, "Nenda, mwanangu. Radhi zangu unazo."

Shangazi yangu, aliyekuwa kando yangu, ndiye aliyenieleza ahadi ya baba. Alinieleza kwa furaha. Nilimsikia neno kwa neno, na nakumbuka nilikuwa nimeshika kamba ya mbuzi, naye ananilamba vidole.

Mchana ule nilimfuata ndugu yangu uani, alikuwa ananoa mkuki. Nikamwambia kila kitu. Nilimwambia ile ilikuwa ya kapu, tena mbovu kuliko zote, nimeijaribu kwenye ungo, ilianguka nje. Nilitegemea atakasirika, labda atanipiga kofi, na nilikuwa tayari kwa kofi. Aliendelea kunoa. Halafu akaniuliza, "Miaka mingapi unampa baba risasi?" Nikasema tangu sijavunja ungo. "Umewahi kumpa ya kapu?" Nikasema sijawahi. Akainua macho.

"Basi leo nani kaupeleka mkono wako kapuni, dada? Dawa ndiyo iliyoupeleka."

Nimelitafuta jibu miaka yote hii, wakati wa kupepeta mchele, wakati wa kutawadha, na sijalipata. Ningemwambia ni mbuzi, angesema na mbuzi kaletwa na dawa. Mtu akishaamini, kila unachomwambia humpa nguvu. Nikaingia ndani, nikachagua za ungo ishirini, nikazitia katika kifuko cha ngozi, nikakifunga fundo langu la kazi ambalo hata baba hulifungua kwa meno, nikamwambia achukue basi gobori dogo na hizi. Akachukua ili kuniridhisha.

Kwa baba nilikwenda mara mbili. Mara zote nilifika mlangoni nikarudi. Alikuwa amekaa na bunduki magotini, uso wake mgeni kwangu, kama mtu aliyeambiwa madeni yote yamefutwa. Yeye naye alikuwa na alama zake za kiboko, nilikuwa nimesahau. Nilimwogopa, sitafuti neno jingine. Nilimwogopa baba kuliko nilivyoyaogopa mauti ya ndugu yangu, kwa sababu baba alikuwa mbele yangu na mauti yalikuwa bado mbali.

Wakaondoka kesho yake na vijana wengine, vichwani wamejifunga majani ya mtama, wakiimba. Mbuzi akazaa wiki hiyo, mapacha.

Habari zilirudi vipande vipande. Mara boma fulani limechomwa, mara Wajerumani wamekimbilia baharini, mara hawakukimbia. Kisha ikawa kimya, na kimya hicho ndicho kilichosema kweli. Jirani yetu, aliyekwenda pamoja na ndugu yangu, alirudi peke yake, mkono mmoja umeoza na kunuka. Alikaa barazani kwetu akaomba maji ya kunywa. Akasema waliliendea boma mchana kweupe, wakipiga kelele "Maji! Maji!", na mdogo wangu alikuwa mbele. Alianguka wa kwanza. Waliokuwa nyuma wakadhani amejikwaa.

Alisema hivyo, amejikwaa. Nilirudia neno hilo moyoni mara nyingi, halikuingia.

Jirani alitoa kifuko cha ngozi akanipa. Fundo lilikuwa langu, halijafunguliwa. Hakupiga hata moja, akaeleza jirani, kwa kuwa aliona si lazima. Na katika kitambaa jirani huyo alikuwa na risasi nne za askari, nzima, zimo katika maganda yake ya shaba, aliziokota njiani. Baba akazipokea, akazitazama, akanipa. Mikono inajua kazi yake hata mwenyewe ukiwa umekufa ganzi. Niling'oa vichwa vyake, nikauchukua ungo. Hazikuwa duara kama zetu, zilikuwa ndefu, nikazilaza ubavu na kuziachia zote nne kwa pamoja. Zikashuka sambamba mpaka ukingoni, hakuna iliyotangulia, hakuna iliyopinda. Nikazirudisha juu, nikaziachia tena. Nikazirudisha tena. Jirani akadhani nimerukwa na akili. Nilikuwa natafuta ya kapu, hata moja. Wale watu hawakuwa na kapu.

Msiba haukukaa kama misiba. Askari walipita wakachoma maghala, njaa ikaingia, tukala mizizi ya yungiyungi tuliyochimba ziwani. Shangazi akasema hata hivyo kijana asomewe khitma, wapo watu wa kusoma, lipo la kupika. Baba akakataa. Tukadhani ni huzuni. Siku ya tatu tangu akatae ndipo alipoeleza, mbele ya ndugu wote, kwa sauti ileile aliyokuwa akimwelezea mteja kosa la bunduki.

Alisema yeye hakosi. Alimkosa mbuzi kwa hatua hamsini, kwa risasi ya ungo, kwa hiyo dawa ilikuwa ya kweli, ameishuhudia mwenyewe. Na dawa ilikuwa na miiko yake: asilale na mwanamke, asichukue mali ya mtu. Aliyeshika miiko hapatwi na kitu. Mwanawe amepatwa. "Basi kavunja mwiko," akasema. "Kaniaibisha mie na kawaangusha wenziwe. Sitamsomea mtu huyo."

Nilikuwa nimeyafikiria mengi tangu siku ile ya mto. Nilifikiri baba atagundua, nitalaaniwa, nitafukuzwa. Hili halikunijia hata ndotoni, kwamba uongo wangu utamfuata ndugu yangu mpaka huko aliko, na kumvua heshima baada ya risasi kumvua uhai. Na watu walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Mmoja ameshaanza kuuliza ni mwanamke gani. Yule kijana, ambaye mgongo wangu ulimbeba, ambaye aliyachukua maneno yale ya miiko kwa uzito kuliko mtu yeyote, hata chumvi ya jirani asingeigusa.

Nikaenda nyuma ya mlango nikalichukua kapu. Nikalitua mbele ya baba, nikakaa chini.

"Baba," nikasema, "siku ile nilikupa ya humu."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikaeleza zote tatu, na ya tatu ilivyoanguka nje ya ungo, na nilivyoifuta kwa kanga. Baba akatia mkono kapuni, akatoa risasi moja, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaitazama risasi iliyotoka kwangu, anaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Kwa nini?" akauliza.

"Mbuzi alikuwa wangu."

Nilifumba macho kungoja. Nilingoja laana, nilingoja mkono. Hakuna kilichokuja. Nilipofumbua, baba alikuwa analia, machozi yanashuka kwenye ndevu, na midomo yake inarudia jambo moja, hanisemeshi mimi wala hamsemeshi mtu.

"Basi mwanangu hakuvunja mwiko. Hakuvunja mwiko. Hakuvunja."

Mpaka alipofariki hakulitaja tena jambo hilo, wala hakuacha kuninyooshea mkono nimpe risasi. Ila tangu siku ile aliitazama kwanza.

Khitma ilisomwa Ijumaa. Kitoweo kilikuwa kimoja tu kijiji kizima, mbuzi wangu. Shangazi alitaka kuwaita wanaume wamkamate, nikamwambia awaache. Nilimfungua mwenyewe, akanifuata bila kuvutwa, na baba alipochukua kisu, miguu niliishika mimi.